Kipimo cha Mpandaji: Pikipiki ya Safari Ndefu na Swali la Kufaa

Swali la pikipiki ipi imfae mtu kwa safari ndefu huhesabiwa kuwa swali la soko, yaani la bei, nguvu za injini na jina la kiwanda, na kwa sababu hiyo wanafalsafa hawakuona haja ya kulishughulikia. Hata hivyo, ndani yake mna swali kongwe ambalo Wayunani, waandishi wa Biblia na wanazuoni wa Kiislamu walilijadili kwa vyombo vya zama zao, vikiwemo mwiko, kiatu, chapeo na ngamia: kitu husemwa kinafaa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kimo ndani ya kitu chenyewe, ndani ya mtu anayekitumia, au katika uhusiano wa hao wawili? Insha hii inashikilia kwamba kufaa ni uhusiano wala si sifa ya chombo, lakini inaongeza sharti linalosahauliwa mara nyingi, nalo ni kwamba mtu anayestahili kupimwa si yule anayesimama dukani akiwa ameshiba na kupumzika, bali ni yule atakayekuwa njiani saa ya uchovu.

Kwa pikipiki ya safari ndefu hapa inakusudiwa ile iliyoundwa imchukue mwendeshaji, na mara nyingi abiria pamoja na mizigo yao, kwa mamia ya kilomita kwa siku na kwa siku kadhaa mfululizo. Matawi yake ni mengi na yametofautiana sana. Honda Gold Wing, iliyoingia sokoni mwaka 1975 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 999 (kipimo ambacho kwa desturi huitwa cc), leo ina injini ya silinda sita yenye cc 1,833, uzito unaozidi kilo 360, na kiti kilichoinuka milimita 745 tu kutoka ardhini, nayo makao yake ni barabara ya lami. Tawi la pili ni la pikipiki zinazochanganya lami na njia za vumbi, ambalo BMW ililifungulia mlango kwa R 80 G/S ya mwaka 1980. Mojawapo ya wazao wake, R 1250 GS, ina kilo 249 na kiti cha milimita 850 au 870, na ndugu yake iitwayo Adventure, yenye tangi la lita 30, ina kilo 268 na kiti kinachofika milimita 890 au 910. Chini ya hizo ipo Royal Enfield Himalayan iliyotoka India mwaka 2016 ikiwa na cc 411 na kiti cha milimita 800. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyejifunzia barabara juu ya Boxer au TVS ya bodaboda, ambayo uzito wake haufiki kilo 150, tofauti hizi si tarakimu tu za kwenye karatasi, kwa maana atazihisi kwenye magoti na kiuno mara ya kwanza atakapojaribu kuigeuza pikipiki hiyo uani.

Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Hippias Mkubwa, Socrates anamhoji Hippias, msomi aliyejaa majivuno, ajibu ni mwiko upi unaofaa kukorogea chungu cha mchuzi wa nafaka za kunde, wa dhahabu au wa mti wa mtini. Jibu linalotoka, tena kwa shingo upande, ni kwamba wa mtini ndio unaofaa, kwa kuwa huutia mchuzi harufu nzuri na hauwezi kukivunja chungu, ukamwaga chakula na kuuzima moto. Hapo dhahabu inavuliwa ufalme wake kwa hoja nyepesi ya jikoni. Lakini Plato haishii hapo, bali anauliza swali linalochoma zaidi: je, kule kufaa hukifanya kitu kiwe chema kwa kweli, au hukifanya kionekane chema tu? Hippias anaegemea upande wa kuonekana, na mfano anaoutoa ni wa mtu aliyevaa nguo au viatu vinavyomkaa, ambaye huonekana mzuri hata kama kwa umbo lake ni wa kuchekesha. Socrates anaikataa njia hiyo, kwa sababu aliyetafuta asili ya wema hawezi kuridhika na kitu kinachodanganya macho.

Mgawanyiko huo wa kufaa na kuonekana kufaa ndio unaotawala chumba cha maonyesho cha muuzaji wa pikipiki. Pikipiki ndefu yenye masanduku ya bati na tairi zenye meno humpa aliyeketi juu yake sura ya msafiri aliyevuka majangwa, nayo sura hiyo inapatikana palepale, kabla ya kilomita ya kwanza. Kule kufaa kwa kweli hakuonekani dukani, kwa kuwa hakujatokea bado, nako hutokea tu pale chombo, mwili na njia vinapokutana. Kwa hiyo Plato huyohuyo, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anampa mtumiaji daraja ya juu kuliko mtengenezaji: mpiga filimbi ndiye anayejua filimbi njema ni ipi, na mchongaji humsikiliza yeye. Waswahili waliliweka jambo hilo kwa ufupi waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatizo la mnunuzi ni kwamba anatakiwa achague kitanda kabla hajakilalia, na mpiga filimbi aliye karibu naye, yaani mwendeshaji mzoefu anayemshauri, ana miguu na mikono ambayo si yake.

Aristotle alilitazama tatizo hili katika Maadili ya Nikomako, alipotofautisha kati ya aina mbili za kiasi. Ipo katikati ya kitu chenyewe, ambayo ni moja kwa watu wote, kama vile sita ilivyo katikati ya mbili na kumi. Na ipo katikati kwa upande wetu sisi, ambayo si moja wala si ya wote. Mfano wake ni wa chakula: ikiwa vipimo kumi ni vingi mno na viwili ni vichache mno, haifuati kwamba mwalimu wa mazoezi ataagiza vipimo sita, kwa sababu huenda hicho kikawa kidogo kwa Milo, yule mpiganaji mieleka mashuhuri, na kikawa kingi kwa anayeanza mazoezi. Mtu anayesoma orodha ya pikipiki na kuchagua ile ya katikati kwa cc, kwa uzito na kwa bei, akiamini kwamba amekuwa mwenye kiasi, amefanya hesabu ambayo Aristotle aliikataa. Hana kiasi, ana wastani, na wastani haumjui mtu yeyote.

Basi kipimo cha upande wetu kinaanzia mwilini. Kiti cha pikipiki hupimwa kwa kimo chake kutoka ardhini hadi sehemu yake ya chini kabisa, na kimo hicho hulinganishwa na mguu wa ndani wa mwendeshaji, yaani urefu kuanzia msamba hadi kisigino, wala si na urefu wake wote, kwa kuwa watu wawili wenye urefu mmoja huweza kutofautiana miguu kwa sentimita kadhaa. Hata hapo tarakimu haisemi yote. Kiti kipana huipanua miguu na kuifanya ifike chini kwa shida kuliko kiti chembamba cha kimo kilekile, na shokomzoba hubonyea chini ya uzito wa mtu, kiasi kwamba pikipiki iliyoandikwa milimita 850 humshusha mnene zaidi kuliko inavyomshusha mwembamba. Baada ya miguu huja pembetatu inayoundwa na mikono, makalio na nyayo, yaani usukani, kiti na vikanyagio. Kikanyagio kilicho juu mno humkunja mrefu magoti hadi yakaanza kuwaka moto baada ya saa mbili, usukani ulio mbali humlaza mfupi kifudifudi juu ya tangi, na kioo cha mbele ambacho ukingo wake unaelekea kwenye paji la kofia ngumu huupeleka upepo uliovurugika mahali hasa ambapo kichwa kipo, kwa hiyo kioo kilekile humpa mmoja utulivu na mwingine maumivu ya shingo. Mwanafalsafa Martin Heidegger, katika kitabu chake Sein und Zeit cha mwaka 1927, alionyesha kwamba fundi anaposema nyundo ni nzito mno hataji uzito unaosomwa kwenye mizani, bali anataja namna nyundo inavyokataa kazi mikononi mwake. Vivyo hivyo, kimo cha milimita 850 si kirefu wala si kifupi mpaka apatikane wa kukipanda.

Kisa kinachofaa zaidi katika mjadala huu kimo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Sauli, ambaye kitabu hichohicho kinamsifu kwa kuwapita watu wote kwa urefu kuanzia mabegani kwenda juu, anamvika Daudi mavazi yake ya vita, chapeo ya shaba na deraya, ili aende kupigana na Goliathi. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anavivua vyote. Wahubiri wengi huueleza mkasa huu kuwa ni wa ukubwa, yaani mavazi ya mtu mrefu juu ya kijana mfupi. Maandiko yenyewe, hata hivyo, hayaweki sababu hiyo kinywani mwa Daudi. Anachosema ni kwamba hajavijaribu vitu vile, hana mazoea navyo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inageuza swali zima, kwa sababu kama kufaa kungekuwa ni suala la vipimo peke yake, mnunuzi angehitaji utepe wa fundi cherehani na orodha ya kiwanda, na kazi ingekwisha. Lakini kama mazoea nayo yanaingia, basi mwili unaopimwa leo si mwili wa mwisho, na kisichofaa sasa huweza kufaa baada ya miezi.

Maurice Merleau-Ponty, Mfaransa aliyeandika juu ya mwili na utambuzi mwaka 1945, alilichukua wazo hili mbali zaidi aliposema kwamba fimbo ya kipofu, ikizoewa, huacha kuwa kitu anachokihisi na kuwa kiungo anachohisia kwacho, na kwamba dereva huingiza gari katika upenyo bila kulinganisha upana wa upenyo na upana wa gari. Waendesha pikipiki wanalijua jambo hilo kwa vitendo. Mwendeshaji mfupi aliyejifunza kuishika klachi nusu, kukanyaga breki ya nyuma kwa wepesi na kuyaelekeza macho anakokwenda badala ya kuyaangusha kwenye tairi, huigeuza pikipiki kubwa katika nafasi ndogo, naye husimama kwa kuteremsha mguu mmoja huku makalio yameteleza upande mmoja wa kiti. Imani iliyoenea kwamba ni lazima nyayo zote mbili zikanyage chini bapa haina msingi kwa mtu mwenye ujuzi, na imewanyima watu wengi, hasa wanawake, pikipiki ambazo wangeweza kuzimudu.

Hata hivyo, hoja ya mazoea ina mpaka, na ni hapo ambapo wauzaji hunyamaza. Ipo mipaka ambayo mazoezi huilegeza na ipo ambayo hayaigusi. Kusawazisha kilo 250 katika mwendo wa taratibu ni ujuzi, kwa kuwa mwendo wenyewe unashirikiana na mwendeshaji. Kuziinua kilo hizo zilizolala ubavu kwenye changarawe ni kazi ya misuli, na ingawa ipo mbinu ya kuinua kwa mgongo na mapaja, mbinu haiufuti uzito. Vivyo hivyo kwa mzigo. Kila pikipiki ina uzito wa jumla unaoruhusiwa, yaani kikomo cha chombo, watu na mizigo vikiwekwa pamoja, na tofauti kati ya kikomo hicho na uzito wa chombo ndiyo inayobaki kwa ajili ya maisha ya binadamu. Katika R 1250 GS kikomo ni kilo 465, hivyo ukiondoa kilo 249 za pikipiki yenyewe zinabaki 216; mwendeshaji na abiria wa kilo 80 kila mmoja, pamoja na kilo tano tano za kofia, buti na makoti, wanakula 170, na kilo 46 zilizosalia ndizo zibebe masanduku matupu kwanza, kisha hema, vipuri na maji. Hakuna ujuzi wa klachi unaoongeza kilo ya 47.

Kwa hiyo swali la nani apimwe linarudi likiwa na makali zaidi. Mnunuzi na msafiri huitwa kwa jina moja, lakini kwa upande wa maadili inafaa kuwatazama kama watu wawili wenye maslahi tofauti. Wa kwanza ana nguvu, ana fedha, ana mashahidi wanaomtazama. Wa pili amekaa juu ya kiti kwa muda wa saa tisa, mikono imekufa ganzi, jua linazama, tangi limejaa, abiria amechoka, na mbele yake pana sehemu ya barabara iliyochimbwa na kujazwa kokoto ambapo ni lazima asimame kwenye mteremko. Wa kwanza anafurahia uamuzi na wa pili anaulipia. Dhuluma ya mtu dhidi ya nafsi yake ya baadaye haina mlalamikaji, kwa kuwa mdhulumiwa anapofika mahakamani mdhalimu ameshatoweka, na labda ndiyo sababu inatendwa kwa urahisi namna hii. Uadilifu katika jambo hili unadai kwamba kipimo cha kufaa kichukuliwe katika dakika mbaya kuliko zote ambazo safari inaweza kwa kawaida kuzileta, wala si katika dakika nzuri.

Dua ya kupanda chombo, ambayo Waislamu wengi wa pwani huisoma wanapopanda basi, jahazi au ndege, na ambayo asili yake ni Sura ya Az-Zukhruf, inakubaliana na mtazamo huu kwa namna ya ajabu. Msomaji wake humtukuza Aliyemtiishia chombo hicho, kisha hukiri kwamba yeye mwenyewe asingekuwa na uwezo wa kukitiisha, na mwisho hukumbuka kwamba marejeo ni kwa Mola. Inastahili kuangaliwa kwamba ukiri wa kutoweza umewekwa mwanzoni mwa safari, wakati mtu yuko na nguvu zake zote, na kwamba anayekiri ni huyohuyo aliyekwisha kukaa juu ya mnyama au chombo. Anayeisoma kwa kuizingatia hawezi kununua chombo ili athibitishe uwezo wake, maana ameanza kwa kuukana.

Mwili ukishapimwa, hubaki haja, nazo ni ngumu zaidi kupimwa kwa sababu hazina utepe. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, aliyekuwa na mguu mlemavu na aliyefundisha huko Nikopolis, aliweka kanuni ambayo ingeweza kubandikwa juu ya mlango wa kila duka la pikipiki: mwili wa kila mtu ndio kipimo cha mali yake, kama mguu ulivyo kipimo cha kiatu. Akaongeza kwamba anayevuka mpaka wa mguu huteremka kama aangukaye gengeni, kwani baada ya kiatu cha kawaida hutaka kilichopakwa dhahabu, kisha cha zambarau, kisha kilichotariziwa, na kwamba kilichokwisha kupita kipimo hakina tena mwisho. Historia ya pikipiki inaithibitisha kanuni hii. Mwaka 1968 Robert Pirsig alimpakia mwanawe nyuma ya Honda ya cc 305, wakatoka Minnesota hadi California, na kutoka safari hiyo kikatokea mwaka 1974 kimojawapo cha vitabu vya falsafa vilivyosomwa sana nchini Marekani. Mwandishi Mfaransa Anne-France Dautheville, ambaye mwaka 1972 alielekea Asia juu ya Moto Guzzi ya cc 750, mwaka uliofuata aliizunguka dunia peke yake kwa Kawasaki ya cc 125, na uamuzi huo wa kushuka badala ya kupanda unafundisha zaidi ya majedwali mengi. Mwandishi mwingine, Ted Simon, aliizunguka dunia kati ya 1973 na 1977, akipita Kenya na Tanzania, kwa Triumph ya cc 500. Leo pikipiki ya cc 500 huuzwa kama ya mwanafunzi.

Lakini kuna hatari ya kuigeuza kanuni ya Epictetus kuwa sifa ya udogo, na hapo ndipo wafuasi wa maisha ya kujinyima hukosea. Kwenye mlima wa Kitonga, njiani kuelekea Iringa, pikipiki ndogo yenye watu wawili na mizigo hukokotwa na gia ya pili nyuma ya lori la mafuta, na mwendeshaji wake, akichoshwa na moshi, hushawishika kulipita lori hilo bila kuwa na nguvu za kulimaliza kabla ya kona. Nguvu za ziada katika hali hiyo si anasa, ni muda, na muda huo ni uhai wa watu wawili. Kurani katika Sura ya Al-Furqan inawasifu wale ambao wanapotumia hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali huwa kati ya hayo, na ni vyema kukumbuka kwamba kosa liko pande zote mbili. Haja nayo hubadilika kwa barabara: njia ya Isiolo hadi Moyale, ambayo kwa miongo mingi wasafiri wa kutoka Cairo kwenda Cape Town waliiogopa kwa mawe na mawimbi yake, sasa imetiwa lami, na pikipiki iliyochaguliwa kwa ajili ya njia ile ya zamani hubeba shokomzoba ndefu na kiti kirefu kwa ajili ya mashimo ambayo hayapo tena.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ana mfano juu ya kupita kiasi katika kitabu chake Kimiya ya Saada, ingawa yeye alikusudia mwili kuwa kipando cha roho: hujaji aendaye Makka hana budi kumtunza ngamia wake, kumlisha na kumnywesha, lakini akitumia siku zake zote kumlisha na kumpamba, msafara utamwacha, naye ataangamia jangwani. Kuna wamiliki wa pikipiki za safari ambao kila mwaka huongeza taa, vyuma vya kinga, redio na masanduku, na safari haianzi. Hukumu ya al-Ghazali juu yao haihitaji maelezo. Pamoja na hayo, haitakuwa haki kulifukuza pambo kabisa, kwa sababu Sura ya An-Nahl, inapotaja farasi, nyumbu na punda, inasema waliumbwa ili wapandwe na wawe pambo, ikiyataja yote mawili bila kuona aibu. Pikipiki isiyompendeza mwenyewe hukaa chini ya turubai, na chombo kisichopandwa hakimfai mtu hata kikilingana naye kwa kila sentimita. Kosa huingia pale pambo linapoombwa lifanye kazi ya mguu.

Limebaki swali la wajibu wa upande wa pili. Yote yaliyosemwa yamemwelekea mnunuzi, kana kwamba vyombo vimeshushwa kutoka mbinguni na kazi ya binadamu ni kujilinganisha navyo, ilhali kimo cha kiti ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini akiwa na picha ya mwili fulani akilini mwake. Wayunani walisimulia juu ya Procrustes, jambazi aliyewalaza wageni kwenye kitanda chake, akawavuta wafupi na kuwakata warefu ili walingane nacho. Kitanda hicho kimetengenezwa tena mara nyingi kwa vipimo vya milimita, na asiyefika chini huambiwa anunue buti zenye soli nene. Si viwanda vyote vilivyoridhika na hali hiyo: Harley-Davidson Pan America, iliyotoka mwaka 2021, iliweza kununuliwa na mtambo wa hiari unaoishusha pikipiki inapokaribia kusimama na kuiinua inapoondoka, na viwanda kadhaa huuza viti vya chini kwa hiari ya mnunuzi. Kila usawazishaji una gharama yake, kwa kuwa anayeifupisha shokomzoba hupoteza nafasi kati ya chuma na jiwe, na anayepunguza sponji ya kiti huumia mapema. Tena yuko abiria, ambaye katika mijadala mingi huhesabiwa pamoja na mizigo, ingawa mgongo wake, vikanyagio vyake na hofu yake ni sehemu ya swali, na ambaye kwa kawaida haulizwi dukani.

Inafuata kwamba pikipiki nzito si lazima iwe ile isiyomfaa mfupi. Gold Wing, iliyo nzito kuliko nyingi, ina kiti kilicho chini kuliko karibu zote zilizotajwa, injini yake bapa imeuweka uzito karibu na ardhi, na ina uwezo wa kurudi nyuma kwa nguvu za mtambo. Kwa mwendeshaji mfupi mwenye ujuzi, anayesafiri na abiria kwenye lami tupu na kulala hotelini, yaweza kuwa chaguo la busara kuliko pikipiki ya kilo 200 yenye kiti cha milimita 875. Kwa anayesafiri peke yake katika mchanganyiko wa lami na vumbi, kama barabara nyingi za Afrika Mashariki zilivyo, na ambaye hana uhakika wa kupata mtu wa kumsaidia akianguka, pikipiki isiyozidi sana kilo 200, yenye kiti kati ya milimita 800 na 835 na injini ya kati ya cc 400 na 650, inatosha kwa karibu kila haja ya kweli, na atakayeikataa kwa udogo wake anapaswa kwanza aeleze ni barabara ipi anayoikusudia. Nao wote, mfupi na mrefu, wasiisaini karatasi ya muuzaji mpaka wameipanda pikipiki hiyo ikiwa na tangi lililojaa, masanduku yenye mzigo na abiria halisi nyuma yao, na wameisimamisha kwenye mteremko.